Edward Steere, Mwalimu wa Watoto Wasio na Kwao

Kila siku tuingiapo darasani na kufungua kitabu cha Kiswahili, twaiona sarufi yake, tahajia yake na hadithi zake kana kwamba zilikuwako tangu zamani, hazikuandikwa na mtu. Si hivyo. Walikuwapo watu walioketi chini, wakasikiliza kwa makini na kuandika. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa watoto waliookolewa utumwani huko Unguja, jina lake Edward Steere. Habari zake zinatufaa sana sisi wa Kisaki, kwa sababu ambayo nitaieleza kwanza.

Pande hizi zetu, kusini ya milima ya Uluguru, zilikuwa njiani pa misafara ya zamani. Hapa katika nchi ya Wakutu palikuwa na kituo kikubwa kilichoitwa Zungomero. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapo Julai 1857, wakiwa njiani kwenda Ziwa Tanganyika. Misafara iliyokwenda bara na iliyorudi pwani ilikutana hapo, ikapumzika, ikatafuta chakula na wapagazi. Lakini njia ile haikupitisha pembe za ndovu na nguo tu. Ilipitisha watu pia, na vijiji vya Ukutu viliteswa sana na watekaji. Aliyetekwa akafika pwani, mara nyingi alivushwa kwa jahazi mpaka Unguja, akauzwa sokoni. Wengi wao walikuwa watoto, kwa kuwa mtoto hana nguvu za kukimbia, tena husahau njia ya kwao upesi.

Mwaka huohuo wa 1857, mwezi wa Desemba, Dk. Livingstone alisimama mbele ya wanachuo wa Cambridge huko Uingereza, akawaeleza hali ya Afrika na kuwataka waje kusaidia. Kwa ajili ya maneno yake kikaundwa chama cha misheni cha vyuo vikuu, ambacho wazee wetu wamezoea kukiita UMCA.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei, 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye mwana akafuata njia hiyo. Alisoma sheria katika Chuo cha London, akapata shahada yake mwaka 1848, na mwaka 1850 akapata ile ya udaktari wa sheria. Kijana huyu angeweza kukaa mjini, akavaa vizuri na kupata fedha nyingi kwa kazi ya mahakamani. Lakini moyo wake haukutulia. Alipenda kazi za mikono, akajifunza kupiga chapa yeye mwenyewe. Mwaka 1856 akaingia katika kazi ya kanisa, na baada ya miaka miwili akapelekwa Skegness, katika jimbo la Lincolnshire, akakaa na wavuvi na wakulima. Watu wale walimpenda kwa sababu hakujikweza. Alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi.

Huko Afrika misheni ya kwanza ilikuwa imepatwa na misiba. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862, na wenzake kadhaa walimfuata. Aliyechaguliwa kushika mahali pake alikuwa William Tozer, rafiki na jirani wa Steere. Steere akajitolea kumsindikiza kwa muda mfupi tu, mpaka mwenziwe atakapozoea. Wakaondoka mwaka 1863, na mke wake Steere akabaki Uingereza. Muda mfupi ule ukawa karibu miaka 20.

Walijaribu kwanza kukaa katika nchi ya Shire, lakini homa na njaa na vita viliwashinda. Mwishoni mwa Agosti 1864 wakafika Unguja. Wengi huko Ulaya waliwalaumu, wakasema wameikimbia kazi. Tozer na Steere waliona kwamba wageni wachache wenye homa hawataweza kuifundisha Afrika. Ni Waafrika wenyewe watakaoifundisha Afrika, na ili wapatikane walimu hao, lazima pawepo kwanza shule.

Wanafunzi wa kwanza hawakutafutwa. Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alikuwa amekamata jahazi lililobeba watumwa kinyume cha amri, akawapa wageni wale wavulana watano waliotolewa humo. Ndio mwanzo wa shule. Baadaye manowari za Waingereza zilizokuwa zikiyafukuza majahazi ya watumwa baharini zilileta watoto wengine, wavulana na wasichana. Hawakununuliwa. Waliokolewa baharini, na hapakuwa na njia ya kuwarudisha makwao, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali, na vijiji vingi vilikwisha kuchomwa moto.

Fikiri, ewe mwanafunzi, hali ya mtoto kama huyo. Ametembea miezi kutoka Nyasa au nchi ya Wayao, ameona wenzake wakianguka njiani, ameshindiliwa katika jahazi. Kisha anakabidhiwa kwa mtu wa rangi asiyopata kuiona. Watoto wengi walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu, nao waliamini kwamba wanalishwa vizuri ili wanenepe. Mmoja anasema Kiyao, wa pili Kinyasa, wa tatu Kimakua. Mwalimu naye hajui hata lugha moja kati ya hizo. Darasa hilo litaanzia wapi?

Steere alianza kwa kuwa mwanafunzi. Alipokuwa akifundisha watoto, alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa mji, watu wazima na vijana, akiwauliza neno kwa neno na kuandika. Hakuridhika na maneno ya sokoni tu. Alitaka kujua jinsi watu wenye ufasaha wasemavyo, jinsi kitenzi kinavyogeuka, na kwa nini mti huwa miti na kisu huwa visu. Jioni alisikiliza hadithi, akaziandika kama zilivyosimuliwa. Akaleta mtambo wa kupigia chapa, akawafundisha vijana wa shule kupanga herufi za risasi. Hivyo masomo yao yalichapishwa kwa mikono yao wenyewe.

Wala hakuzidharau lugha ambazo watoto walikuja nazo. Mwaka 1867 alitoa kijitabu cha Kishambala kilichochapishwa papo hapo Unguja, na baadaye akatoa vingine vya Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Hapa ndipo nimwonapo mwalimu wa kweli. Mtoto aliyenyang'anywa mama, kijiji na jina hubaki na kitu kimoja tu ambacho mtekaji hawezi kukiondoa, nacho ni maneno ya kwao. Mwalimu anayemwuliza mtoto huyo maneno hayo, tena akayaandika kwa uangalifu, humjulisha kwamba maneno yake yana thamani.

Mwaka 1866 misheni ilinunua shamba Kiungani, kusini ya mji, na shule ya wavulana ikahamia huko. Mwaka 1868 Steere akarudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili vikubwa. Kimoja ni cha kufundishia lugha ya Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi za Kiunguja, ndani yake zimo habari za Sultani Darai na paa wake, na kisa cha punda wa dobi, ambacho kina kima aliyemponyoka papa kwa akili. Bibi zetu hawakuzisoma kitabuni hadithi hizi, lakini zisingaliandikwa, huenda baadhi yake zingalizikwa pamoja na waliozisimulia.

Aprili 1872 dhoruba kuu iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvunja nyumba, na majengo ya Kiungani yakaharibika. Tozer alikuwa mgonjwa. Steere, ambaye angeweza kukaa kwao kwa heshima, akarudi mwaka huohuo kuyainua yaliyoanguka. Tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Misheni ikapata kiwanja cha soko la Mkunazini, na sehemu yake ilitolewa bure na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Steere, aliyesomea sheria, akawa mjenzi. Alisimamia kazi mwenyewe, na mawe ya matumbawe yakachanganywa na saruji. Paa lake ni tao la mawe na saruji lisilo na boriti. Wengi waliliona, wakasema litaanguka siku moja na kuua watu. Husimuliwa pia kwamba mafundi walisimamisha nguzo kadhaa kichwa chini wakati mwenyewe hayupo, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Paa hilo halikuanguka.

Mwaka 1874 alifanywa askofu, lakini hakuacha kufundisha. Huko Mbweni misheni ilikuwa na kijiji cha watu waliopewa uhuru, na shule ya wasichana. Mwaka 1877 ilifika huko Bibi Caroline Thackeray, mwalimu mwanamke aliyeiongoza shule hiyo miaka 25, na hata baada ya kustaafu hakurudi kwao. Alifariki Unguja mwaka 1926. Wasichana wake walifundishwa kusoma na kuandika, na wengine wakawa walimu.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la zaidi ya watu 50 waliokuwa watumwa, wakaondoka Unguja, wakapita Lindi, wakaelekea upande wa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaipenda nchi na maji yake, wakaomba wakae hapo. Askofu akakubali. Kwao hasa hawakufika, lakini walipata mahali ambapo mtu aliweza kulima shamba lake na kulala bila hofu ya kuuzwa. Hata hivyo amani hiyo haikudumu: mwaka 1882 Wamagwangwara waliishambulia Masasi, wakachukua mateka.

Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Steere alirudi Unguja kutoka safari ya Ulaya. Siku chache tu baada ya kufika alifariki kwa ghafla, umri wake miaka 54. Akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga Mkunazini, nyuma ya altare. Agano Jipya lote la Kiswahili likatoka mwaka 1883, naye hakuliona.

Je, kazi yake ilikuwa na kasoro? Ilikuwa nazo. Watoto wale hawakuulizwa kama wanataka dini mpya au majina mapya. Walifundishwa namna za kigeni, na wengine walipokua waliona taabu kukubaliwa na watu wa bara, ambao waliwaona kama wageni. Kuokolewa baharini hakukuwarudishia baba na mama. Historia nzuri haifichi mambo haya.

Lakini tuyatazame matunda pia. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, alikuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, alipata upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Mkewe, Lucy Magombeani, alitoka Mbweni. Yaliyosemwa mwaka 1864, kwamba Afrika itafundishwa na Waafrika, yakaanza kuonekana.

Na tunda jingine lamhusu kila mwanafunzi wa nchi hii, awe Mkristo, Mwislamu au mwenye dini nyingine. Mwaka 1928 wajumbe wa Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuchagua Kiswahili kimoja cha kuandikia vitabu vya shule. Wengine walipendelea Kimvita, ambacho Dk. Krapf alikishughulikia kabla ya wote. Kilichochaguliwa ni Kiunguja. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ni kwamba Kiunguja kilikuwa kimeenea bara pamoja na misafara. Lakini kilikuwa pia kimekwisha kuandikwa kwa utaratibu, na mwanzo wa utaratibu huo ulikuwa katika nyumba ile ya watoto wasio na kwao.

Basi, ni jambo la kustaajabisha. Njia ileile iliyopita hapa Zungomero na kuwapeleka watu pwani wakiwa wamefungwa, ndiyo iliyotuletea lugha. Leo mwana wa Mkutu, wa Mluguru na wa Mpogoro hukaa katika benchi moja hapa Kisaki, wakaelewana bila mkalimani. Watoto watano wa jahazi la Unguja hawakuwa na bahati hiyo walipoanza. Walikuwa na mwalimu aliyekuwa radhi kuwa mwanafunzi wao.

Enyi wanafunzi, mtakapokuwa walimu, na wengi wenu mtakuwa, kumbukeni jambo hilo. Mtoto mgeni akiingia darasani kwenu akiwa kimya, msidhani hana akili. Mwulizeni kwao husemaje. Nasi wazazi na walimu tuwaulize wazee wa Kisaki habari za njia ile ya zamani, tuziandike kabla hazijapotea. Kalamu na daftari tunazo, na lugha ya kuandikia tunayo.