Bibi Elizabeth Alexander na Mvumo wa Jua

Bibi Elizabeth Alexander alizaliwa Uingereza mwaka 1908, akalelewa Bara Hindi. Alisoma elimu ya mawe huko Cambridge, akaolewa na Bwana Norman Alexander, mwalimu wa fizikia, wakakaa Singapore. Mwezi wa Januari 1942, vita vilipokaribia, aliwapeleka watoto wao watatu New Zealand. Mwezi uliofuata Singapore ikatekwa, na mumewe akatiwa kifungoni. Baadaye aliletewa habari kwamba mumewe amekufa. Habari hizo hazikuwa za kweli, lakini hakuwa na njia ya kujua. Akalea watoto wake, akashika kazi.

Kazi yake ilikuwa kuongoza uchunguzi wa rada. Rada ni mtambo upelekao mawimbi ya redio, ukangoja mwangwi wake urudi kutoka kwenye meli au ndege.

Mwezi wa Machi 1945 walinzi wa rada katika kisiwa cha Norfolk waliona jambo la ajabu. Jua lilipochomoza, na tena lilipokuchwa, mtambo ulijaa mvumo mkubwa. Je, mtambo ulikuwa mbovu? Bibi Alexander hakukata neno upesi. Aliviagiza vituo vingine kaskazini mwa New Zealand, kama North Cape na Piha, vitazame jua alfajiri na magharibi, na kuandika yote. Maana mtambo mmoja waweza kuharibika, bali mingi iliyo mbalimbali haiharibiki kwa saa ile ile. Taarifa zilipokusanywa ikawa dhahiri: jua lenyewe latoa mawimbi ya redio, tena yenye nguvu kupita yaliyotazamiwa kwa moto wake. Adhuhuri hayakusikika kwa sababu rada zile zilielekea upeo wa bahari, nalo jua lilikuwa juu mno.

Siku hizi vituo visikilizavyo jua vimeenea duniani. Huku kukichwa, kwingine kwapambazuka. Basi jua haliachwi bila mlinzi.

Vita vilipokwisha, mumewe akaonekana yu hai. Bibi Alexander akayarudia mawe yake, akachora ramani ya miamba ya Singapore. Mwaka 1952 walihamia Nigeria, kwenye chuo cha Ibadan. Mwaka 1958 alikabidhiwa idara ya elimu ya mawe chuoni hapo, na baada ya majuma machache tu, mwezi wa Oktoba, akafariki, umri wake miaka 49.