Hans Nielsen Hauge, Mkulima Aliyeishika Imani Siku Zote za Juma



Wako Wakristo wanaodhani kwamba kumtumikia Mungu ni kazi ya mchungaji na mwalimu tu, na kwamba mtu wa shamba akiisha kuketi kanisani siku ya Jumapili amekwisha kutimiza yote yampasayo. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, nataka kusimulia habari za mtu mmoja wa kanisa la Kilutheri, ambaye hakuwa mchungaji wala hakusoma katika chuo chochote, lakini Mungu alimtumia kuiamsha nchi yake.

Hans Nielsen Hauge alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika nchi ya Norwei, mahali paitwapo Rolvsøy, karibu na mji wa Fredrikstad. Siku zile Norwei ilitawaliwa na mfalme wa Denmark. Baba yake alikuwa mkulima, na nyumbani mwao walisoma Katekismo ya Luther, wakaimba nyimbo za kanisa na kusali pamoja. Hans hakupata masomo mengi, lakini mikono yake ilijua kazi: alilima, alifanya useremala na uhunzi, na kufuga nyuki.

Hata tarehe 5 Aprili 1796, alipokuwa na umri wa miaka 25, alikuwa akilima shamba la baba yake na huku akiimba wimbo wa kumtamani Yesu. Ghafula moyo wake ukajazwa upendo wa Mungu, hata asijue aeleze namna gani. Akatambua ya kuwa ameitwa awashuhudie wenzake. Angalieni, ndugu, mahali alipoitiwa. Hakuitiwa mbele ya madhabahu, aliitiwa nyuma ya jembe. Na watu wa kwanza kusikia ushuhuda wake walikuwa watu wa nyumbani mwake, ambao waliyajua maisha yake kila siku na wasingeweza kudanganywa.

Tangu siku hiyo alianza kuandika vitabu, na cha kwanza kilipigwa chapa mwaka ule ule wa 1796. Kisha akaanza kusafiri. Kwa muda wa miaka minane alizunguka Norwei kwa miguu, maelfu ya kilometa, akipanda milima na kupita katika theluji. Alipokuwa akitembea njiani, mikono yake ilifuma kwa sindano, maana hakupenda saa za njia zipotee bure. Alipofika katika nyumba ya mkulima hukuta watu kazini, akawasaidia, na kazi ilipokwisha akazungumza nao habari za toba na imani. Kwa hiyo watu walimsikiliza. Waliona kwamba hakuja kula jasho lao.

Lakini ilikuwako sheria iliyotolewa mwaka 1741, iliyokataza watu kukutanika kwa habari za dini pasipo ruhusa ya mchungaji wa mahali, na kuwakataza watu wasiowekewa mikono kuzunguka wakihubiri. Kwa ajili ya sheria hiyo Hauge alikamatwa zaidi ya mara kumi. Tena hatuna budi kusema kweli yote: katika vitabu vyake vya kwanza aliwasema wachungaji kwa ukali mno, na ukali huo ulikuwa mojawapo ya mashtaka yaliyomhukumu baadaye. Mtu wa Mungu naye yampasa kuuchunga ulimi wake, hata anaposema neno la haki.

Mwaka 1801 alijiandikisha kuwa mfanya biashara katika mji wa Bergen, akasafirisha nafaka na samaki kwa jahazi. Wengine waliona ajabu, wakasema kwamba mhubiri amegeuka kutafuta mali. Lakini yeye aliona kwamba biashara ya haki ni utumishi, na kwamba mali ni amana ya Mungu. Aliwasaidia rafiki zake kupata mashamba na kuanzisha kazi mbalimbali, hata kiwanda cha kufanya karatasi huko Eiker. Kazi hizo ziliwapa maskini riziki, na watu wakajifunza kwamba Mkristo hupima kwa mizani ya kweli na hulipa madeni yake.

Mwezi wa Oktoba 1804 alikamatwa tena, akapelekwa katika gereza la mji wa Christiania, ambao leo huitwa Oslo. Vitabu vyake vilitwaliwa, mali yake pia, na kesi yake ikacheleweshwa mwaka baada ya mwaka. Mwili wake ukadhoofika kabisa. Hata mwaka 1809 nchi ilikuwa katika vita, meli za Kiingereza zimeifunga njia ya bahari, na watu wakakosa chumvi. Ndipo wakubwa wa nchi wakamkumbuka mfungwa huyu, kwa kuwa walimjua kuwa hodari wa kazi. Wakamtoa ili akajenge mahali pa kupikia chumvi kutoka maji ya bahari. Akaenda, akaifanya kazi ile kwa uaminifu kwa ajili ya nchi iliyomfunga, na alipoimaliza akarudi gerezani. Nani kwetu angefanya hivyo pasipo kunung'unika?

Mwaka 1811 alitolewa, lakini hukumu ya mwisho ilikatwa Desemba 1814: alipe faini ya riksdaler 1,000, yaani fedha ya nchi ile, pamoja na gharama za kesi. Mwaka 1815 alimwoa Andrea, naye akafa mwaka ule ule baada ya kumzaa mwana wao Andreas. Mwaka 1817 akamwoa Ingeborg Marie, wakakaa katika shamba la Bredtvet. Huko pia alizika watoto. Walakini mlango wake ulikuwa wazi, na hata maaskofu na wachungaji walikuja kuzungumza naye. Moyo wake haukushika kisasi. Katika wasia wake aliwaagiza rafiki zake wasijitenge na kanisa, wala wasiache sakramenti. Alilala katika Bwana tarehe 29 Machi 1824, mwenye umri wa miaka karibu 53. Sheria ile iliyomfunga ilifutwa mwaka 1842.

Wapendwa, tukitazama maisha haya, na tujiulize. Jirani yangu asiyekwenda kanisani hunijua kuwa Mkristo kwa jambo gani? Je, ni kwa jina langu la ubatizo tu, au kwa kipimo changu cha mahindi sokoni, kwa deni nililolipa siku niliyoahidi, kwa jinsi ninavyosema na mke wangu na watoto wangu? Nasi waalimu na wachungaji, tukitendewa pasipo haki, je, twaweza kumfanyia kazi njema yule aliyetutenda?

Hauge hakupewa joho wala mimbari. Alipewa jembe, sindano na miguu miwili, akamtumikia Mungu kwa hivyo. Sisi nasi tumepewa vyetu. Bwana atusaidie tuvitumie kwa moyo mmoja, Jumapili na Jumatatu pia.