Raiffeisen: Meya aliyewafundisha wakulima kudhaminiana

UKIENDA kuomba mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, moja ya mambo ya kwanza utakayoulizwa ni wadhamini wako. Wanachama wengi huliona sharti hilo kuwa usumbufu. Ni wachache wanaofahamu kwamba utaratibu huo ulitumika zaidi ya miaka 150 iliyopita katika vijiji vya wakulima maskini wa Ujerumani, chini ya meya aliyeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen.

Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818 katika kijiji cha Hamm, eneo la milima la Westerwald, magharibi mwa Ujerumani. Familia yao ilikuwa na watoto tisa na uwezo mdogo, hivyo hakupata elimu ya juu. Akiwa na miaka 17 alijiunga na jeshi, lakini mwaka 1843 ugonjwa wa macho ulimlazimisha kuacha. Akaingia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch, akisimamia vijiji kadhaa.

Njaa ya Weyerbusch

Mavuno ya mwaka 1846 yalikuwa mabaya, na majira ya baridi yalipofika watu hawakuwa na chakula. Serikali ilipeleka unga kwa masharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Wenye njaa hawakuwa na fedha hizo. Raiffeisen aliamua kuwapa unga kwa mkopo, kinyume cha maagizo. Kwa mtumishi wa serikali, huo ulikuwa uamuzi wa kuhatarisha kazi.

Kisha aliwashawishi wakazi wenye uwezo wachangie mfuko. Kwa fedha hizo nafaka zilinunuliwa, tanuri la kijiji likajengwa na mikate ikatolewa kwa mkopo kwa bei nafuu.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko tatizo kubwa lilikuwa riba. Mkulima aliyehitaji ng'ombe alimchukua kwa mkopeshaji kwa masharti magumu. Akichelewa kulipa alinyang'anywa ng'ombe, na pengine shamba pia. Mwaka 1849 Raiffeisen alikusanya wakazi wapatao 60 wenye mali, wakakubali kwa pamoja kudhamini deni. Chama chao kilinunua mifugo na kuwapa wakulima, ambao walilipa kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Misaada yagota ukutani

Mwaka 1854, akiwa meya wa Heddesdorf, alianzisha chama cha tatu. Mbali na kukopesha, chama hicho kilijipa jukumu la kuwatunza watoto waliotelekezwa na kuwatafutia kazi waliotoka magerezani. Nia ilikuwa njema, lakini miaka ilivyopita matajiri waliokuwa wakibeba dhamana walichoka. Hatari yote ilikuwa juu yao, wakati wakopaji hawakuwa na cha kupoteza ndani ya chama.

Hapo ndipo Raiffeisen alipobadili msimamo. Kwa muda mrefu aliamini kwamba moyo wa huruma wa wenye nacho ungetosha. Sasa alikubali kwamba hautoshi. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo, na anayetaka kukopa alitakiwa kwanza kuwa mwanachama na kubeba dhamana pamoja na wenzake.

Sharti hilo lilikuwa zito. Chama kikishindwa kulipa, kila mwanachama aliwajibika kwa mali yake yote, hata shamba na nyumba. Lakini faida yake ilikuwa kubwa. Mkulima mmoja mwenye ng'ombe wawili hakuna aliyemwamini kwa mkopo wa riba nafuu, ila kijiji kizima kilipoweka mali yake pamoja, wenye fedha walikubali kukikopesha.

Ili hatari hiyo isiwamalize, kanuni ziliwekwa. Chama kilihudumia eneo dogo ambalo watu wake wanafahamiana. Mkopaji alileta wadhamini na kueleza fedha ni za kazi gani. Viongozi hawakulipwa mshahara, isipokuwa mtunza hesabu. Ziada haikugawanywa ovyo, bali iliwekwa akiba ya chama. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na cha kupoteza, kila mtu alifuatilia mkopo wa jirani yake umetumikaje.

Upofu haukumzuia

Binafsi, Raiffeisen alipitia mitihani mingi. Mke wake, Emilie, alifariki mwaka 1863. Mwaka 1865, akiwa na miaka 47, alistaafu kwa sababu ya afya. Pensheni haikutosha, akaanzisha kiwanda kidogo cha sigara, baadaye akauza mvinyo. Macho yalizidi kufifia na binti yake, Amalie, ndiye aliyemsomea na kumwandikia. Hata hivyo, mwaka 1866 alichapisha kitabu kuhusu vyama vya mikopo, na mwaka 1872 akasaidia kuunda benki ya ushirika ili vyama vyenye fedha za ziada viwakopeshe wenzao waliopungukiwa.

Alifariki Machi 11, 1888 mjini Neuwied. Mfumo wake ulienea nchi nyingi, na sheria ya India ya mwaka 1904 kuhusu vyama vya mikopo ilifuata mawazo yake.

Siku hizi vyama vingi huweka kikomo cha dhamana ya mwanachama, hivyo si lazima mtu aweke rehani kila alicho nacho. Lakini fundisho limebaki. Kikundi kinachotaka kujaribu mbegu mpya, mashine ya kukamua alizeti au soko jipya, kisingoje mfadhili abebe hasara yote. Kila mwanachama aweke chake, hata kama ni kidogo, na kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya wote. Jaribio likishindikana, hasara itagawanyika na hakuna atakayefilisika peke yake.