Dakta Roget, Mtu Aliyeyapanga Maneno kwa Maana

Mzazi atakaye kumsaidia mwanawe katika visawe na vinyume, nadhani itamfaa kuyajua maisha ya Dakta Peter Mark Roget. Tangu 1985 hata 2023 watoto wetu wa darasa la nane walikuwa wakikutana na maswali hayo mara kwa mara katika mtihani wa KCPE, nao ndio uliokuwa mlango wa kuingilia sekondari. Mtihani huo umekwisha, lakini haja ya kuyajua maneno haikwisha.

Roget alizaliwa London tarehe 18 Januari, 1779. Babake, kasisi aliyetoka Geneva, alifariki mwanawe angali mdogo, naye akalelewa na mamake akisaidiwa na mjomba wake, wakili mashuhuri Samuel Romilly. Tangu utotoni alipenda kuandika orodha za maneno. Mwaka 1798, akiwa na umri wa miaka 19 tu, alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwaka 1803 alikuwa Geneva pamoja na vijana wawili aliokuwa akiwasomesha, mara vita vya Uingereza na Ufaransa vikazuka upya, na Napoleon akaamuru Waingereza wakamatwe. Roget aliokoka kwa kuthibitisha ya kuwa asili ya babake ni mji huo huo.

Mwaka 1805, akiwa daktari mjini Manchester, alikamilisha daftari lake la maneno yaliyokaribiana maana, limsaidie katika kuandika kwake. Misiba haikumwacha. Mwaka 1818 mjomba wake, aliyefiwa na mkewe, alijiua, na Roget ndiye aliyekuwa akimwuguza. Mwaka 1833 akafiwa na mkewe mwenyewe. Hata hivyo alishika kazi ya ukatibu wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, tangu 1827 hata 1848.

Alipostaafu alilirudia lile daftari la ujanani. Mwaka 1852, naye ana miaka 73, kitabu chake kilitoka chapani. Hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Aliyagawa katika mafungu 1,000 kwa maana zake, na fungu lenye kinyume akaliweka ubavuni mwa mwenziwe. Alifariki tarehe 12 Septemba, 1869, mwenye miaka 90, na mwanawe John akaiendeleza kazi hiyo.

Mimi naona hapo ndipo penye faida yetu. Mtoto anayekariri orodha bila ya maana husahau upesi. Bora tumpe fungu zima: hasira, ghadhabu, hamaki, ghaidhi, kisha tumwulize ipi huja kwa ghafla na ipi ni kubwa zaidi. Ng'ambo ya pili aweke upole na utulivu. Atatambua ya kuwa visawe ni jamaa, wala si pacha. Vivyo hivyo kwa vinyume: kinyume cha funga ni fungua, wala si kutofunga, na cha anika ni anua.

Kazi hii haitaki fedha. Daftari moja latosha, na watu wazima wa nyumbani, hasa bibi na babu, wana maneno ambayo kitabu cha shule huenda hakina. Roget alianza na daftari, akangoja miaka 47 kabla ya kuona matunda. Mwana wetu hahitaji kungoja muda huo. Aanze mapema tu, neno baada ya neno.