Hannes Schneider: Kocha wa theluji aliyefungwa na Wanazi, somo lake likavuka bahari

UKITAJA makocha waliobadilisha mchezo dunia nzima, mashabiki wa soka watakuwekea mezani Rinus Michels au Arrigo Sacchi. Kwenye kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni, jina litakaloanza kutajwa ni Hannes Schneider, na jamaa hakuhitaji medali ya Olimpiki kulipata.

Alizaliwa Juni 24, 1890 Stuben, kijiji kidogo cha milima ya Arlberg, Austria. Wakati anakua, kila upande ulikuwa na staili yake. Wanorway, ndio wenye mchezo, waliteleza wamesimama wima. Kona walizikata kwa staili ya Telemark: mguu mmoja mbele, wa nyuma umekunja goti, kisigino juu. Kwenye miteremko ya wastani ilipendeza kuitazama. Kwenye miteremko mikali ya Alps, ukikosea kidogo tu unaokotwa bondeni.

Austria kulikuwa na Mathias Zdarsky wa Lilienfeld. Yeye alitumia fimbo moja ndefu badala ya mbili, akawa anasukuma mkia wa ubao nje ili apunguze kasi na kugeuka. Ilikuwa salama, lakini polepole mno. Wafuasi wa Norway na wa Zdarsky walirushiana maneno kwa miaka, utadhani wiki ya dabi.

Schneider hakuchagua timu. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa na Hotel Post ya St. Anton kufundisha wageni. Kwa Zdarsky alichukua ule mkia unaosukumwa nje, kwa Wanorway akachukua kona ya kasi iitwayo Christiania. Cha kwake mwenyewe kilikuwa kuchuchumaa, magoti yamekunjwa na uzito umeenda mbele. Wazoefu walimshangaa, mpaka walipoona anavyoshuka.

Ila ujanja wake mkubwa haukuwa miguuni. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, alipewa kazi ya kuwafundisha askari wa milimani wa Austria, na huko hakuna muda wa kubembeleza kipaji. Unapewa kundi, unatakiwa kurudisha watu wanaoweza kushuka mlima wakiwa hai. Vita ilipoisha alirudi St. Anton na mfumo huo, akafungua shule mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Mgeni aliangaliwa uwezo wake kwanza, kisha akapangiwa darasa. Wa mwanzo kabisa walianza na plau: ncha za mbele za mbao zinakaribiana, mikia inatanuka, mwendo unapungua. Ukiiweza, unafundishwa kugeuka ukiwa hivyo hivyo. Baadaye unaanza kona kwa kutanua ubao mmoja, unaimalizia mbao zikiwa sambamba. Hakuna kuruka darasa, hata uwe na pesa kiasi gani. Na walimu wote walifundisha kitu kimoja, kwa hiyo mwalimu akiumwa leo, wa kesho anaendelea pale pale.

Filamu za Arnold Fanck zilimpeleka mbali zaidi, na mwaka 1930 Wajapani walimwalika kwao. Mwingereza Arnold Lunn, ambaye watu wake walitaka mashindano kuliko madarasa, aliungana naye mwaka 1928 kuanzisha mbio za Arlberg-Kandahar. Wafaransa ndio waliomgomea. Émile Allais, bingwa wa dunia wa 1937, alisema mbao zikae sambamba tangu mapema na hiyo plau ipunguzwe. Kusema kweli Allais alikuwa na hoja, maana plau ikikaa sana miguuni inageuka ugonjwa. Lakini Allais alikuwa anawaza bingwa. Schneider alikuwa anawaza karani wa mjini mwenye likizo ya wiki moja.

Machi 1938 Wanazi waliichukua Austria, na Schneider akakamatwa haraka na kutupwa jela Landeck. Alikuwa hajawahi kuficha kwamba hawapendi, na rafiki yake mkubwa St. Anton, Rudolf Gomperz, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Lunn alikataa mbio zao zifanyike St. Anton mwaka huo. Schneider alitolewa jela akahamishiwa Ujerumani, Garmisch-Partenkirchen, akiwa chini ya uangalizi. Shule yake ikawa imekwenda.

Aliyemwokoa ni Harvey Gibson, bosi wa benki ya New York mwenye nyumbani kwao North Conway, New Hampshire, ambako alikuwa anajenga kituo cha theluji kwenye Mlima Cranmore. Gibson alikuwa na sauti kwenye mazungumzo ya madeni ya Ujerumani, akaitumia. Februari 1939 Schneider alishuka kwenye treni North Conway na familia yake, akapita chini ya fimbo ambazo watoto wa mji walikuwa wamezinyanyua na kuzikutanisha juu kama mlango. Alikuta plau inafundishwa tayari, kwa sababu mwanafunzi wake Benno Rybizka alikuwa ametangulia.

Gomperz hakupata Gibson wake. Alisafirishwa na kuuawa mwaka 1942.

Mtoto wa Schneider, Herbert, aliingia Divisheni ya 10 ya Milimani ya jeshi la Marekani, akapigana Italia, nchi ambayo baba yake alipigana nayo akiwa upande wa Austria. Mzee alifariki North Conway Aprili 26, 1955, na Herbert akabaki na shule.