Garrett Morgan: Mvumbuzi wa Vifaa vya Usalama Aliyeokoa Maisha Chini ya Ziwa Erie

Tarehe 20 Novemba, 1923, Serikali ya Marekani ilimpatia Garrett Augustus Morgan hataza ya chombo cha kuongozea magari kwenye makutano ya barabara. Mfanyabiashara huyo Mweusi wa mji wa Cleveland, aliyeanza maisha kama fundi wa cherehani, alikuwa tayari amebuni kinga ya moshi na gesi iliyookoa watu. Hata hivyo, heshima aliyostahili ilichelewa sana kumfikia.

Morgan alizaliwa tarehe 4 Machi, 1877 katika jimbo la Kentucky, kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Elimu yake ya shuleni iliishia darasa la sita. Akiwa kijana mdogo aliondoka nyumbani kutafuta kazi Cincinnati, na mwaka 1895 akahamia Cleveland, ambako alijifunza kutengeneza cherehani za viwandani. Mwaka 1907 alifungua karakana yake mwenyewe.

Mwaka 1912 aliomba hataza ya kofia ya kujikinga na moshi, akaipata mwaka 1914. Kofia hiyo ilifunika kichwa chote na kuunganishwa na mirija mirefu iliyoning'inia hadi karibu na sakafu. Morgan alizingatia kwamba moshi wa moto hupanda juu, hivyo hewa iliyo chini huwa na nafuu. Sponji yenye maji, iliyowekwa kwenye mdomo wa mrija, ilichuja moshi na kupoza hewa kabla haijamfikia mvaaji.

Kifaa kilifanya kazi, lakini baadhi ya wanunuzi hawakuwa tayari kukipokea kutoka kwa mtu Mweusi. Katika maonesho, Morgan alilazimika kumkodi Mzungu ajitambulishe kuwa ndiye mvumbuzi. Yeye mwenyewe alijigeuza Mhindi Mwekundu, akaingia katika hema lililojaa moshi na kutoka salama.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Julai 1916. Wafanyakazi waliokuwa wakichimba handaki la maji chini ya Ziwa Erie, karibu na Cleveland, walikumbana na gesi asilia, ikalipuka. Waokoaji wa kwanza walioingia walizidiwa na gesi na baadhi yao wakapoteza maisha. Morgan alipoitwa usiku, alifika pamoja na ndugu yake Frank wakiwa na kofia hizo. Waliingia handakini na kuwatoa wahanga, wawili kati yao wakiwa hai, pamoja na miili ya waliofariki.

Nishani za ushujaa zilipotolewa, Morgan aliachwa. Habari za tukio hilo zilipoenea na rangi ya mvumbuzi kujulikana, baadhi ya idara za zimamoto za majimbo ya Kusini zilifuta maagizo yao ya kofia. Zilikubali kuwanyima askari wao kinga iliyokwisha kuthibitishwa, kwa sababu tu ya rangi ya aliyeibuni.

Morgan hakukata tamaa. Mwaka 1920 alianzisha gazeti la Cleveland Call, kisha akageukia usalama barabarani. Wakati huo magari, baiskeli, mikokoteni ya farasi na waenda kwa miguu walibanana katika barabara zilezile. Hakuwa wa kwanza kubuni alama za kuongozea magari. Cleveland yenyewe ilikuwa na taa za umeme tangu mwaka 1914. Upungufu wa mifumo mingi ulikuwa kwamba amri ilibadilika ghafla kutoka kwenda hadi kusimama. Chombo chake, nguzo yenye mikono iliyozungushwa kwa mkono, kiliongeza hatua ya kati iliyosimamisha magari ya pande zote, ili yaliyomo njia panda yamalize kupita na waenda kwa miguu wavuke. Inaelezwa kuwa aliiuzia haki zake kampuni ya General Electric kwa dola za Marekani 40,000.

Morgan alifariki dunia tarehe 27 Julai, 1963 mjini Cleveland. Mwaka 1991, miaka 75 baada ya ajali ya handaki, mtambo wa kusafisha maji wa mji huo ulipewa jina lake. Wazo alilolipigania bado linalinda maisha kila siku: taa ya njano humpa dereva nafasi ya kusimama kabla upande wa pili haujaruhusiwa kupita.