Tusitala, Mwandishi wa Hadithi
Robert Louis Stevenson alizaliwa Edinburgh, nchi ya Scotland, mwaka 1850. Tangu utoto aliugua kifua, akalala kitandani siku nyingi. Mwaka 1881 alichora ramani ya kisiwa ili kumfurahisha mtoto wa mkewe. Katika ramani hiyo akapata hadithi ya mabaharia na hazina, iliyopigwa chapa mwaka 1883. Nasi twaisoma kwa Kiswahili, Kisiwa Chenye Hazina.

Baadaye alifanya makao Samoa, na wenyeji wakamwita Tusitala. Wakuu wao walipofungwa gerezani, aliwatunza. Walipofunguliwa mwaka 1894 wakamtengenezea barabara kwa shukrani. Mwaka huohuo alifariki, mwenye miaka 44. Wenyeji wakafyeka njia, wakampandisha mlimani Vaea, wakamzika kileleni.